Afya ya Akili kwa Mkataba wa Miezi Sita

Kuna sentensi ninayokutana nayo karibu kila ninaposoma matangazo ya kazi ya vyuo vikuu na taasisi zetu za utafiti. Hukaa chini kabisa, baada ya sifa za mwombaji na kabla ya anwani: mkataba ni wa miezi sita, unaweza kuongezwa kulingana na utendaji wa mwajiriwa na upatikanaji wa fedha. Ukibahatika ni mwaka mmoja. Siku hizi naiona zaidi chini ya matangazo ya aina moja. Wanatafutwa vijana wasomi wa kuzunguka nyumba hadi nyumba, kliniki hadi kliniki, shule hadi shule, wakiwauliza watu kuhusu sonona, wasiwasi, ulevi, kipigo cha nyumbani na mawazo ya kutaka kufa.

Niseme msimamo wangu mapema. Nchi inayotaka kuyaelewa maradhi ya akili ya watu wake haiwezi kuikabidhi kazi hiyo kwa vijana wa miezi sita sita, ikawaacha wayabebe peke yao wanayoyasikia, kisha ikawaaga fedha za mfadhili zinapokatika. Kwa kufanya hivyo tunawaumiza vijana hao, na tunazitupa mkono familia zilezile ambazo utafiti ulisemekana kuja kwa ajili yao. Dawa ya jambo hili imo katika ajira na katika bajeti. Semina za kuwafundisha vijana kuvumilia nimezisikia nyingi, na sijaona zikiondoa kile kinachowavunja.

Swali la tisa

Wengi wetu tukisikia neno mtafiti tunamwona mtu wa koti jeupe na darubini. Utafiti wa afya ya akili haufanywi hivyo. Kifaa chake kikuu ni mazungumzo, na anayezungumza mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote katika mradi.

Mchukue binti wa miaka 26 mwenye shahada ya saikolojia. Asubuhi amepanda daladala hadi Mbagala, amepokelewa na mjumbe, ameonyeshwa nyumba. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu ndani." Anasoma fomu ya ridhaa, anaeleza kwamba majibu ni siri, mama anasaini. Kishikwambi kinafunguliwa. Humo mna dodoso linaloitwa PHQ-9, linalotumika duniani kote kupima sonona. Lina maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kukosa furaha, kujiona huna thamani. Mama anajibu polepole huku akichambua mchicha. Swali la tisa linauliza kama katika wiki hizo amewaza kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru kwa namna fulani.

Mama anaacha mchicha. Anaanza kusema jambo ambalo hajamwambia mumewe, wala dada yake, wala kiongozi wake wa dini. Limekaa kifuani miaka, na leo limetoka kwa sababu kuna mtu amekuja, ameketi kwenye mkeka, na ameuliza kwa upole.

Hapo ndipo utafiti unapogeuka kuwa kitu kingine. Utaratibu wa maadili unamtaka binti yule amtathmini mama, amtulize, ampe rufaa na ampigie simu msimamizi wake. Ni utaratibu mzuri na sina ugomvi nao. Ninauliza tu: rufaa hiyo inakwenda wapi? Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha kuwa ukanda wa Afrika ulikuwa na wahudumu wa afya ya akili 1.6 tu kwa kila watu 100,000, wakati kiwango cha kati cha dunia kilikuwa 13. Binti anaandika rufaa akijua kwamba huenda zahanati ya karibu haina muuguzi hata mmoja wa fani hiyo, na kwamba nauli ya kwenda hospitali kubwa ni chakula cha siku nzima cha nyumba ile. Juu ya hayo, Kanuni ya Adhabu yetu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu cha aina hiyohiyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mama aliyefungua moyo wake amefungua pia mlango wa hofu nyingine, na anayeiona hofu hiyo machoni pake ni yule binti.

Halafu binti anafunga kishikwambi, anaaga, anakwenda nyumba ya pili. Lengo la siku lazima lifikiwe. Jioni atatuma takwimu, na msimamizi atazikagua kama zimekamilika, kama kuna swali lililorukwa, kama muda wa mahojiano ulikuwa wa kawaida. Je, kuna anayemuuliza amelalaje baada ya kumsikia yule mama? Wahenga walisema mganga hajigangi. Walijua kwamba anayeshughulika na maumivu ya wengine anahitaji wa kumshughulikia yeye.

Na jambo hili linawezekana, wala halihitaji fedha za ajabu. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Mabibi hao walifundishwa kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliozungumza nao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulijengwa juu ya kanuni kwamba bibi anayesikiliza naye awe na anayemsimamia na kumsikiliza. Kama mabibi wa Mbare walistahili hilo, kijana wetu mwenye dodoso analistahili pia.

Tatizo halimo ndani ya mtu

Najua jibu litakalotolewa. Kwamba vijana wa leo ni laini. Kwamba sisi tulisoma kwa shida zaidi na hatukulalamika. Kwamba asiyeweza kazi hii atafute nyingine.

Tuangalie basi mahali ambapo shida za nauli na umeme hazipo. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 3,659 wa shahada ya uzamivu katika jimbo la Flanders. Karibu mmoja kati ya watatu alikuwa katika hatari ya kuwa na ugonjwa wa akili wa kawaida, hasa sonona, na hali hiyo ilikuwa mbaya kuliko kwa wasomi wengine waliokuwa kazini. Watafiti hao walikwenda mbali zaidi, wakauliza inatokana na nini. Wakakuta inaambatana na wingi wa kazi, na mgongano kati ya kazi na familia, na kukosa sauti katika kazi ya mtu mwenyewe, na namna msimamizi anavyoongoza. Mwaka uliofuata uchunguzi mwingine, uliowafikia wanafunzi wa uzamili na uzamivu zaidi ya 2,000 katika nchi 26, ulikuta asilimia 39 wana dalili za sonona za kiwango cha kati au kikali. Uchunguzi huo wa pili ulijibiwa na waliopenda kujibu, kwa hiyo sitauchukua kama sensa. Lakini unaelekea kulekule.

Sasa mrudishe mtu huyo Dodoma au Mwanza na umwongezee yetu. Amesoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi anaokuwa na mshahara. Yeye ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo. Mdogo wake wa kidato cha tatu anamtegemea kwa ada ya bweni na vitabu. Kijijini wameambiwa mtoto anafanya kazi na wazungu, maana kwa wengi mradi wowote ni wa wazungu, na mtu wa wazungu hawezi kusema hana. Msiba ukitokea, daftari la michango linafunguliwa kwa jina lake. Mkataba unapobaki na wiki tatu, hakuna wa kumwambia. Mama atalia, mchumba ataahirisha mahari, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kodi ya miezi sita, kwa mtu ambaye mkataba wake wote ni wa miezi sita!

Bima ya afya nayo huisha siku mkataba unapoisha. Hapa nataka msomaji atulie nami kidogo, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu aliyetumia mwaka mzima kuandika ripoti inayosema Watanzania hawafikiwi na matibabu ya sonona, anapopatwa na sonona mwenyewe, hana kadi ya kumpeleka kwa daktari. Na hata akiwa na kadi, anaogopa. Madaktari wa akili ni wachache kiasi kwamba yule atakayemtibu huenda ndiye atakayekaa kwenye jopo la kumhoji kazi mwakani. Anaijua vizuri methali ya mficha maradhi, ameihubiri kwenye mikutano ya vijiji, na bado anayaficha ya kwake.

Mtegemea cha nduguye

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Katikati, mwezi Mei, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilitangaza kusitisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kupokea ruzuku na kupitisha sehemu yake kwa washirika wa nchi nyingine. Uingereza nayo ilitangaza mwezi Februari kwamba ifikapo mwaka 2027 itapunguza msaada wake wa nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3.

Habari hizi zilisomwa kwetu kama habari za kimataifa. Ukweli ni kwamba zilikuwa habari za majumbani. Wazungu hawakukosea kupanga matumizi ya fedha zao. Tuliokosea ni sisi tulioacha mishahara ya watu wetu wanaochunguza akili za watu wetu itegemee saini ya rais wa nchi nyingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa anayekufa maskini anakufa na maarifa kichwani ambayo taifa lilihitaji.

Karibu miaka 20 iliyopita nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nyingi hazijafika hapo. Afya ya akili yenyewe, kwa wastani wa dunia, hupata karibu asilimia 2 tu ya bajeti za afya za serikali. Unapotafuta fedha za utafiti ndani ya sehemu ndogo ya sehemu ndogo, unapata kile tulichonacho: mradi unaokuja, unaohoji, unaoondoka.

Na mradi ukiondoka, nani analipa? Analipa mgonjwa wa kifafa au skizofrenia aliyekuwa akihudumiwa kwenye kikundi cha kila wiki, na sasa kikundi hicho hakina wa kukiongoza. Analipa mama wa Mbagala, ambaye mwakani atabishiwa hodi na kijana mwingine, wa mradi mwingine, mwenye swali lilelile la tisa. Akikataa kujibu, ataandikwa kwamba jamii haina mwamko.

Walipotuandikia wengine

Kuna wanaoniambia utafiti ni anasa na kwamba fedha ziende kwenye dawa. Nawaomba wakumbuke kilichotokea wakati waliotuchunguza hawakuwa sisi.

Kuanzia mwaka 1938 hospitali ya Mathari, Nairobi, iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers, ambaye hakuwa na mafunzo marefu ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimlinganisha Mwafrika mwenye afya njema na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Alisema pia kwamba sonona ni nadra kwetu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha andiko lake jingine, lililowaeleza Mau Mau kama watu wenye matatizo ya kisaikolojia, katika nchi ambayo watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi.

Fikiria madhara yake. Kama imeandikwa na shirika kubwa la dunia kwamba watu fulani hawapati sonona, nani atawajengea kliniki ya sonona? Mama wa kijijini aliyeshindwa kuamka asubuhi aliitwa mvivu, au akapelekwa kwa mganga, au akaachwa.

Kilichoiangusha dhana hiyo ni kazi ya watafiti waliokwenda kuuliza. Mwaka 1979 yalichapishwa matokeo ya Orley na Wing kutoka vijiji viwili vya Uganda, yaliyokuta sonona kwa wanawake wa pale ikizidi ile ya wanawake wa London waliolinganishwa nao. Mwaka huohuo David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa kliniki ya kijijini nchini Kenya, ukionyesha kwamba maradhi ya akili yalikuwa mengi miongoni mwa watu waliokuja kutibiwa kama wagonjwa wa kawaida. Ndetei alikuwa daktari kijana wakati ule. Alibaki kwenye fani, akaja kuanzisha taasisi ya utafiti na mafunzo ya afya ya akili Nairobi, na wanafunzi wake leo ni walimu wa wengine.

Hapa kwetu, mwaka 2002, Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha kazi ya kuhakiki dodoso la sonona na wasiwasi kwa wajawazito wa Dar es Salaam wenye virusi vya Ukimwi, ili daktari ajue kwamba kinachopimwa ndicho kinachowaumiza. Uganda, Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni tiba ya vikundi kwa watu wenye VVU na sonona. Matokeo ya jaribio la kwanza yalitoka mwaka 2015. Jaribio kubwa zaidi, ambapo vikundi viliongozwa na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii waliopewa mafunzo, lilichapishwa mwaka 2020. Kati ya hayo mawili ipo miaka mitano, na kabla ya la kwanza ipo mingine. Swali hilohilo, mtu huyohuyo, vijiji vya nchi yake.

Ni nani anayeweza kukaa na swali moja kwa muongo mzima akiwa na mkataba wa miezi sita? Tunawapoteza kina Kaaya na kina Ndetei wa kesho kabla hawajauliza swali lao la kwanza. Wanakwenda benki, wanakwenda kuuza bima, wengine wanakwenda Ulaya na hawarudi. Sitawalaumu.

Jina kwenye karatasi

Hata anayebaki hukuta ngazi imekosa vipawa. Kupanda cheo chuoni kunataka machapisho. Kuchapisha katika majarida makubwa yanayosomwa bure kunataka fedha, na mwaka 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Majarida mengi huwapunguzia au kuwasamehe watafiti wa nchi maskini, kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa. Lakini ipo dhuluma ya karibu zaidi, isiyohitaji euro kurekebishwa. Kijana aliyehoji watu mia tatu, aliyejua kwa nini kijiji fulani kilikataa na jinsi ya kuwashawishi, hutajwa kwa jumla mwishoni katika mstari wa shukrani, pamoja na madereva. Hakushirikishwa kuandika, kwa hiyo hakujifunza kuandika, kwa hiyo hana chapisho, kwa hiyo ataendelea kuhoji. Watafiti wakuu wetu, na wengi ni waungwana, wanaweza kuliacha jambo hili mwezi huu huu bila kusubiri waziri.

Yanayoweza kufanyika

Vyuo na taasisi zinazopokea ruzuku hutoza sehemu ya fedha hizo kwa gharama za uendeshaji. Sehemu ya makato hayo iwekwe kwenye mfuko wa kuwalipa watafiti vijana kati ya mradi mmoja na mwingine, walau kwa miezi mitatu au minne, bima ikiwemo. Halmashauri nazo ziwe na nafasi za kudumu za afya ya akili zinazochanganya huduma na utafiti, ili aliyeuliza swali la tisa awe ndiye atakayemwona mama wiki ijayo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ambayo kazi yake ni kuishauri serikali kuhusu sayansi, itenge ruzuku ndogo za miaka mitano kwa vijana wachache, badala ya kugawa kidogo kidogo kwa wengi. Na Bunge linapopitisha bajeti ya Wizara ya Afya, mbunge mmoja asimame aulize: katika fedha za utafiti wa afya ya akili za mwaka huu, ni shilingi ngapi zimetoka kwa Watanzania?

Lipo pia jambo lisilohitaji Bunge wala mfadhili. Kila utafiti wa afya nchini hupitia kamati ya maadili, ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au ya chuo husika. Maombi hayo hueleza kwa kirefu madhara yanayoweza kumpata anayehojiwa na jinsi atakavyokingwa. Iongezwe sehemu ya pili, inayouliza madhara yanayoweza kumpata anayehoji: atahoji watu wangapi kwa siku, nani atamsikiliza kila wiki, atatibiwa wapi akiugua, mkataba wake unaisha lini na atakabidhi kwa nani wale aliowaandikia rufaa. Ombi lisilojibu sehemu hiyo lirudishwe kwa mwombaji.